Mume Wangu Alitaka Nusu Iwe Jiwe, Nusu Iwe Mbao

Admin, nakuomba usiweke jina langu, maana mume wangu yumo humu na ndugu zake pia. Nina miaka arobaini na moja, naishi Ikungi, nimeolewa miaka kumi na saba na tuna watoto watatu. Napika chakula cha mchana na kuwauzia watu wa maofisini. Mume wangu ni dereva wa lori. Sio mlevi wala hajawahi kuninyanyulia mkono. Nasema hayo mapema ili msije mkamtukana kabla hamjanisikiliza.

Mwaka huu tulikuwa tunamalizia nyumba yetu. Mimi ndoto yangu ilikuwa jiko tu. Nilitaka kaunta kubwa katikati, ile watu wanaita ailendi, na juu iwe granaiti yote, nikande unga wa chapati, nifute, basi. Mume wangu ambaye hajui hata sufuria zinakaa wapi akasema, "Hapana. Nusu iwe jiwe, nusu mbao ya mninga." Nikamuuliza mbao ya nini? Akajibu ameona kwenye simu, inapendeza. Nikakubali, nikijua mwanaume akipenda jiko ni baraka.

Fundi alipoanza kujenga ndipo roho yangu ilipoanza kukosa amani. Upande wa jiwe ulikuja kimo changu sawasawa. Upande wa mbao ukawa chini zaidi, karibu shubiri nzima, na chini yake hakuna kabati wala droo, pako wazi kama meza. Nikajaribu kukata vitunguu pale, mgongo ukaniuma. Mimi ni mrefu, mume wangu ni mrefu, watoto wanapikiwa. Sasa hii imejengewa nani?

Nilimuuliza akiwa anakula. Akasema, "Ndiyo mtindo wa sasa hivi." Nikasema mtindo gani wa kuniumiza mgongo? Akasukuma sahani, akasema, "Mama Neema, kila kitu lazima uulize?" Akatoka nje. Mume wangu huyo huwa hasukumi sahani.

Kesho yake nikambana fundi. Kwanza alinizungusha na maelezo yake, eti mbao hutanuka mvua ikija na jiwe halisogei, ndiyo maana kaacha upenyo mwembamba zinapokutana. Nikamwambia, "Fundi, sijauliza upenyo. Nani alikupa vipimo?" Akatoa karatasi ya daftari kwenye begi lake. Imeandikwa: urefu kutoka chini sentimita sabini na tano, chini pawe wazi, kona zisiwe kali. Mwandiko mzuri, wa duara, wa kike. Mwandiko wa mume wangu naujua, ni kama kuku amepita.

"Umeitoa wapi?"

Fundi akaanza kujuta. "Mama, mimi nilidhani unajua. Tulipokwenda Mitundu kufuata mbao, mzee alisimamisha gari kwenye nyumba moja nyuma ya mashine ya kusaga. Mimi nilibaki kwenye gari. Akaingia, akakaa kama saa nzima, akatoka na hiyo karatasi."

Jamani! Mwanamke mwingine, mfupi, ananipimia jiko langu! Nikakumbuka safari zote za Mitundu, kila mwezi, eti kufuata mzigo. Wiki nzima nilikuwa namchekea huku namtazama kama mwizi. Akioga nashika simu yake. Sikupata kitu.

Nikamuaga kwamba naenda kumwona dada yangu Manyoni. Nikaunganisha magari kupitia Itigi hadi Mitundu, nikaulizia mashine ya kusaga, nikafika. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi yote ninayoyajua.

Uani nikamkuta bibi mzee anapepeta mahindi, na pembeni binti wa kama miaka kumi na tisa, kwenye kiti cha magurudumu, anakata mboga kwenye meza fupi ya mbao. Aliponiangalia nikaona macho ya Neema wangu. Macho yale yale.

"Shikamoo mama," akasema, akafuta mikono haraka. "Wewe ndiye mama wa Ikungi. Baba alinionyesha picha yako." Halafu akatabasamu, akasema, "Asante sana kwa jiko. Baba alisema wewe ndiye uliyesema niwe na upande wangu, ili na mimi niweze kupika. Vile vipimo niliandika mwenyewe. Sikukosea?"

Matusi yote yakanikauka mdomoni. Nikasema, "Hukukosea, mwanangu." Nikakaa, nikala ugali wake. Nilipomuuliza bibi mama wa binti yuko wapi, akasema, "Yupo," kisha akamwita jirani na kuanza habari nyingine. Nikauliza tena, akaingia ndani. Wakati naondoka nikamwomba binti asimwambie baba yake kwanza.

Sasa nimerudi. Mume wangu anasema Jumamosi anakwenda Mitundu kuchukua mzigo wa alizeti. Alizeti gani, wakati jana nimemwona anapima upana wa mlango wa mbele?

Yule binti hana kosa na chumba nitampa. Kinachonichoma ni kwamba mwanaume huyu amemwambia mtoto kuwa nimekubali jambo ambalo sijawahi kuulizwa, na mimi ameniambia ni mtindo. Mtu aliyeweza kuficha mtoto miaka yote hii, mama yake kamficha wapi? Na anakuja binti peke yake, au wanakuja wawili?

Ndugu zangu, hasa mliokaa kwenye ndoa muda mrefu, niambieni. Nimweleze leo kwamba nilifika Mitundu, au ninyamaze mpaka Jumamosi nione atasimama pale mlangoni aseme nini?