Wifi na Jedwali la Ruhusa

Kwa miaka kumi na tisa, hakuna faili la mgonjwa lililotoka masijala bila kupitia mkononi mwa Mama Funguo. Daktari bingwa aliweza kuja mbio, koti linapepea, lakini akifika dirishani kwake alisimama na kusema tafadhali. Jina hilo alipewa na wauguzi kwa utani, naye akalivaa kama cheo.

Sasa mafaili yalikuwa yanahamia kwenye kompyuta, na hospitali ikapeleka watu wawili wakasomee udhibiti wa ruhusa: nani aone nini, nani abadilishe nini, nani asiguse kabisa. Mmoja wao angerudi kuwa mgawa ruhusa wa hospitali nzima. Wa kwanza alikuwa Mama Funguo. Wa pili alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, karani wa mapokezi ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi.

Na huyo wifi, jamani, alikuwa na kichwa chepesi! Mwalimu akiuliza, mkono wake uko juu tayari. Siku aliyoeleza kwa nini kila mtu apewe ruhusa ya kazi yake tu, isizidi, mwalimu alimsifu mbele ya darasa. Mama Funguo alipiga makofi mawili, la tatu likamshinda. Kijicho kilimkaba hasa. Jumatano akasingizia kichwa kinamuuma, akabaki nyumbani kununa, na somo la siku hiyo likampita.

Alhamisi ilikuwa zoezi la mwisho. Kila mwanafunzi alichora jedwali la ruhusa za kazini kwake, akaliingiza kwenye mashine, nalo likaanza kufanya kazi papo hapo. Wenzake walipotoka kunywa chai, Mama Funguo aliingia kwa jina lake mwenyewe, akajaribu kufungua jedwali la wifi. Likafunguka bila kinyongo. Alitafuta mstari mmoja tu, wa wifi mwenyewe: "kusoma miadi ya wagonjwa". Akaufuta. Kisha akaenda kunywa chai, na akamwongezea wifi sukari.

"Karani wetu leo amejisahau," mwalimu alisema waliporudi. "Hana ruhusa hata ya kuona miadi."

"Mwalimu, nilijiandika," wifi alisema kwa sauti ndogo.

"Basi tuangalie kumbukumbu, kama tulivyojifunza jana. Mashine huandika kila anayegusa."

Jana! Siku aliyobaki nyumbani kununa. Ukutani yakatokea maandishi: saa nne na dakika kumi na mbili, mstari umefutwa, na jina lake kamili, lile la kwenye kitambulisho.

"Lakini mashine ilinikubalia," Mama Funguo alisema.

"Ilikukubalia kwa sababu jedwali la wifi yako lilikuruhusu," mwalimu alijibu, akapandisha ukurasa hadi mstari wa juu kabisa, ambao Mama Funguo hakujisumbua kuusoma. Uliandikwa jina lake lile lile kamili, na mbele yake: "kugawa na kuondoa ruhusa zote."

Wifi hakumtazama. "Nilijua kazi hiyo ni yako, wifi," alisema. "Sasa nirudishie mstari wangu."

Mama Funguo akavuta kibodi. Akakosea kuandika "miadi" mara mbili.