Kumpokea Mgeni wa Ndege

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishtua. Niliishia darasa la nne kule Ngara, na leo nina mashine mbili za kusaga Nyakahura, nyumba ya bati jekundu, na Fuso ambalo hakuna benki inayolidai. Niliwahi kufukiwa na kifusi shimoni, nikajichimbua mwenyewe, nikanawa, nikala. Hata siku panga la ndege, lile linalozunguka puani, lilipomkata kaka yangu mkono sikushtuka. Nilikuwa nimeshika kabari mbili za mti, nikaendelea kuzishika.

Misheni ya hapo walinipa mimi kazi ya kutunza kiwanja chao cha ndege, cha udongo. Nilifyeka nyasi, niliswaga ng'ombe watoke njiani, na ndege ikisimama nilitia kabari kwenye magurudumu na kufunga mabawa kwa kamba kwenye vigingi. Upepo wa masika ulipita, ndege ikabaki palepale. Fundo langu linazuia dume la ng'ombe, sembuse ndege ya watu sita.

Kazi nyingine ilikuwa kuzuia watu nyuma ya kamba ya katani mpaka panga lisimame. Hiyo niliifanya kwa watu. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiingia injini ikiwa bado inanguruma, natia kabari, kina mama wanashika midomo.

Rubani, kijana wa watu, hakupenda.

"Bosi, nikizima, nikashuka, nikakupungia mkono, ndiyo uje. Na upitie mkiani."

"Kijana, nimewasha mashine ya kusaga kwa hendeli kabla hujaota meno ya pili."

"Mashine yako hukuiendea kwa mbele, kichwa kikitangulia."

"Kichwa changu kitavunja panga lako, utembee kwa miguu mpaka Mwanza."

Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Sasa, kwetu sisi watu wa mifugo, nyuma ya mnyama ndiko kwenye mateke. Unamwendea kwa mbele, akuone. Na mgeni pia humpokei mzigo wake kwa nyuma, kama vile unamwibia. Unamjia usoni, mkono umenyooshwa, unachukua begi kabla mguu wake haujatulia. Ukimwacha abebe mwenyewe, mwaka mzima watakusema.

Siku hiyo alikuwa anakuja mtoto wa dada yetu, amepewa upadri, anakuja kutusomea misa yake ya kwanza. Kaka alitoka Ngara na basi la alfajiri, amevaa koti.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mbona umesimamisha watu kwenye kamba kama mbuzi wa mnada?"

"Ndiyo sheria ya hapa."

"Mtoto wa dada anashuka, nani atampokea mzigo? Kamba?"

Ndugu yangu mkubwa huyo. Ndiye aliyenilea baba alipofariki. Ningemwambiaje asimame nyuma pamoja na watoto wa shule? Ndege ilitua, ikageuka, ikasimama. Rubani akaiacha ingurume kidogo injini ipoe, kama kawaida yake. Nikainua kamba.

"Hiyo haiumi?" kaka aliuliza.

"Huyu ni ng'ombe wangu, kaka. Nifuate."

Nilikwenda kwenye gurudumu kwa njia yangu ya siku zote, nikilikwepa panga kwa pembeni, nikainama. Nilidhani yuko nyuma yangu. Lakini alikuwa amemwona mtoto dirishani anapunga mkono, akanyoosha wa kwake, akamwendea moja kwa moja kwa mbele. Panga likizunguka halionekani. Unaona hewa tu, na ng'ambo yake unamwona mgeni wako anacheka.

Hakukuwa na kelele kubwa. Ilikuwa kama mtu amekata mgomba. Injini ikazimwa. Kaka alikaa chini taratibu, anaangalia mkono wa koti. Mkono wa kulia ulikuwa umekwisha chini ya kiwiko. Padri alishuka akamfunga kwa mkanda wa kanzu yake. Rubani alishika panga, akalitazama, akasema ndege hairuki tena mpaka fundi aje. Kisha akaenda mwenyewe kuirudisha kamba niliyoinua. Afadhali angenitukana.

Tulimpeleka Mwanza kwa gari, kichwa chake mapajani mwangu. Nilikuwa nahesabu vibao vya barabarani. Sikulia, wala sikusali. Nilisikia njaa.

Kaka alipona. Sasa anapalilia migomba kwa mkono mmoja, anasalimia kwa kushoto na kuomba radhi kila mara. Hajanilaumu. Siku ya kutoka hospitali aliniuliza jambo moja tu, kama mzigo wa mtoto ulipokelewa. Nikamwambia ulipokelewa. Sijui kama ulipokelewa.

Kiwanja walimpa mtu mwingine. Nasikia sasa hata mapadri wanangoja nyuma ya kamba. Gari, hospitali, dawa, na mkono wa bandia ambao kaka hauvai kwa sababu unamwasha, nililipa mimi mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha: shilingi milioni nne, laki tatu, themanini na sita elfu na mia tano.