Spi ya Kambambili kwenye Pijo ya Mzee Saidi

Jamani, hii mukasa mi naona haya kuisimulia, lakini kwa kuwa muke wangu ameshaianza kwa majirani, afadhali muisikie kwangu mwenyewe.

Ilikuwa vita, tena wakati wa ambargo, nchi jirani zimefunga mipaka, vipuri haviingii. Mi fundi kijana wa Buyenzi nimemuposa Zaituni, na babake, Mzee Saidi, hajasema ndiyo wala apana. Mzee alikuwa na Pijo 404 ya zamani (aliipenda kuliko sisi wote, wallahi), gurudumu la nyuma likaanza kulia wuuu. Nikajitosa: "Baba, niachie mi." Rulma mpya, yaani beringi ya ekseli, nikaipata mutaa wa Rohero kwa bahati, lakini spi, ule mpira unaozuia mafuta yasitoke, muji muzima hakuna, na ule wa zamani nilishaupasua nikiutoa, basi badala ya kumwambia mzee asubiri, nikachukua kambambili yangu ya kuogea, ndala ya mpira, nikakata duara safi, nikaligonga ndani, nikafunga gurudumu, nikanawa mikono kama fundi mukubwa.

Mzee akafurahi, gari kimya, akasema twende Kinanira, kule mulimani, kwa dadake, tukirudi atanipa jibu. Kupanda, salama. Kushuka, bariere ya wasoda iko pale chini, wanajeshi wamefunga njia kwa mawe na kamba, mzee anakanyaga breki, gari inateleza tu (mafuta yote ya ekseli yamepita kambambili yakahamia kwenye breki za nyuma, na za mbele zenyewe zilikuwa za kuomba Mungu!), tukapita mawe, tukakata kamba, bunduki zikakokiwa kacha-kacha, mzee anapiga shahada, mi "Mama weee!", Pijo ikaishia kwenye mufereji.

Tukatoka mikono juu. Afande akaniamuru nifungue gurudumu mbele ya watu wote waliopanga foleni. Kipande cha kambambili kikadondoka, cha bluu, kinachuruzika mafuta.

"Iyi ni nini?"

"Ni... ni spi, afande."

Wasoda wakacheka mpaka mumoja akakaa chini. Mzee hakucheka. Nikajua Zaituni nimemukosa, na machozi yakanitoka kweli.

"We mutoto," mzee akasema, "na binti yangu akiugua, utamutengeneza na kambambili?"

"Apana, baba. Nitakuja kukuambia nimeshindwa."

Akajifuta jasho. "Basi muchukue. Lakini gari yangu usiiguse tena."

Sijaigusa, na kazi nisiyoiweza nasema siiwezi, hata wateja wakininunia. Nikienda kumusalimia mzee, kwanza anafunga milango ya Pijo, yote minne, anaweka ufunguo mufukoni, ndiyo ananipa mukono.