Injini Yangu Iliyoitwa Mlevi

Boti ilikuwa ya mama mkwe wangu. Ilikuwa boti pana ya mbao, na nyuma ilibeba injini mbili: ya kulia yangu, ya kushoto ya shemeji yangu, mtoto wake wa kiume wa pekee. Miaka ile kiwanda cha Panda nilikokuwa fundi kilikuwa kimenyamaza. Wenzangu wengine walikwenda kulima, wengine kuchoma makaa, mimi nikafuata ziwa. Mama mkwe na mke wangu walinunua samaki wa kukausha katika vijiji vya ziwa hilo la Tshangalele, na sisi wanaume wawili tuliwavusha hadi upande wa barabara ya Likasi.

Kila injini ilikuwa na bidoni yake, dumu la mafuta. Mafuta yalikuwa adimu, ukiyapata unayafunika kama mtoto mchanga. Tulipofika nchi kavu mama mkwe alinyanyua bidoni zote mbili, moja kila mkono, akazipima kwa uzito. Ya mwanawe ilibaki nzito kila mara. Yangu ilipanda juu kama kikapu kitupu.

"Mwambie bwana yako," alimwambia mke wangu, "ile moteri yake iko mulevi."

Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni, wala habishani naye. Neno linapita kwa mke. Basi tulikuwa wote ndani ya boti moja, yeye mbele kwenye magunia, mimi nyuma nikiwa nimegeuza uso, na matusi ya injini yangu yalinifikia mara mbili: kwanza kwa sauti yake, kisha kwa sauti ya mke wangu.

"Mama anasema moteri yako iko mulevi."

"Nimesikia."

Shemeji alicheka. "Shemeki, uipeleke kanisani, padri aiombee."

Nilimwonea wivu mtu yule. Injini yake ilikuwa safi, inang'aa, haitetemeki. Alipoketi kando yake na kofia yake ya majani alionekana kama mwenye boti. Mama yake alimbakizia kipande kinono cha samaki, akakifunga vizuri, akampa mke wangu akipitishe juu ya mapaja yangu.

Kisha akasema neno lililoninyima usingizi. Baada ya safari nyingine chache injini moja ingelala. Boti ingekwenda na ile isiyokunywa, na yangu ikithibitika haihitajiki ningeishusha kabisa. Bila injini ile sikuwa na kazi nyingine.

Nikaanza kutafuta ugonjwa. Kama nawe una injini inayokunywa, usiogope, wala usikimbilie kufungua kila kitu. Anza na vilivyo rahisi. Nilipitisha kidole kwenye mpira wa mafuta tangu bidoni hadi injini: mkavu, hauvuji. Nikatoa buji, ile plagi ya cheche, maana buji husema ukweli. Ikiwa nyeusi na imelowa, injini inameza mafuta ambayo haiwezi kuyachoma. Yangu ilikuwa na rangi ya kahawia, rangi ya afya. Nikasafisha kabureta. Nikabadilishana bidoni na shemeji, labda mchanganyiko wa oili ulitofautiana. Hakuna kilichobadilika. Yangu ilikunywa, yake ilionja tu.

Hapo nikaacha kuitazama injini yangu, nikatazama maji. Nyuma yangu yalitoka mazito, yamejikunja kama kamba. Nyuma ya shemeji lilitoka povu jeupe tu, jepesi. Nikagundua pia kwamba mkono wangu wa usukani ulikuwa umekaa upande siku zote, na bega langu liliuma, kwa sababu boti ilitaka kugeuka kushoto. Boti ya injini mbili hugeukia upande wa injini isiyosukuma.

Tulipofunga boti nikainamia elisi ya shemeji, yale mapanga yanayozunguka majini. Ziwa lile lilifunika msitu, na visiki vyake bado vimesimama chini. Shemeji alikuwa amekigonga kimoja, panga moja likavunjika ncha. Injini ikatetemeka. Akaipeleka elisi kwa mafundi wachache waliobaki Panda, wakayakata na kuyanoa mapanga mengine yalingane na lile lililovunjika. Kutetemeka kukaisha, na kila mtu akasifu kazi ile, nami pia. Lakini mapanga yalikuwa yamebaki mafupi kama vijiko, hayashiki maji. Akifungua mafuta mengi injini ilipiga kelele, naye akaogopa kuiua, kwa hiyo aliiendesha nusunusu. Ilikunywa kidogo kwa sababu ilibebwa. Mimi nilikuwa nabeba samaki, mama mkwe, na injini ya shemeji.

Lakini ningemwambia nani? Nilimweleza mke wangu. Akanitazama kwa huruma.

"Miye niende niseme kwa mama moteri ya kaka yangu haitumike kazi? Atasema ni wivu yako."

Na wivu ulikuwepo, hilo hakuhitaji kuambiwa.

Siku ikafika. Boti ilikuwa imejaa magunia. Mama mkwe akasema, mke wangu akarudia, nami nikainua injini yangu nje ya maji. Nikaketi mikono mitupu. Shemeji akawasha yake, akanikonyeza.

Mwanzoni tulisogea. Kisha upepo mdogo ukatoka mbele, na boti ikawa kama inakanyaga mahali pamoja. Shemeji akafungua mafuta hadi mwisho. Injini ikalia hadi wanawake wakaziba masikio. Ukingo wa pili haukukaribia. Bidoni ikawa nyepesi, shemeji akaitikisa, akaitikisa tena. Kabla hatujafika katikati injini ikakohoa, ikazimika.

Boti ikaanza kurudishwa na upepo pole pole.

"Mama, imekunywa yote," shemeji alisema kwa sauti ndogo.

Mama mkwe akasema bila kugeuka: "Mwambie bwana yako ashushe yake."

Niliishusha. Ilituvusha peke yake kwa mafuta ya bidoni yangu, na bega langu likauma, maana injini moja iliyofungwa pembeni huvuta boti upande. Nchi kavu mama mkwe hakunyanyua bidoni yoyote.

Shemeji alinifuata nilipokuwa nafunga kamba. "Shemeki, moteri yangu iko na nini?" Hakucheka safari hii. Nikamwonyesha mapanga, nikamwekea kidole chake kwenye ncha, nikamweleza taratibu hadi akaelewa. Nyumbani nilikuwa na elisi nzima iliyolingana na injini yake. Nilikaa nayo kitandani jioni nzima, naifuta. Asubuhi nikampa, kwa sababu nilitaka bega langu lipone.

Safari iliyofuata boti ilikwenda moja kwa moja, maji mazito pande zote mbili. Bidoni zilishuka sawasawa, na injini yangu haikutajwa tena kushushwa. Mama mkwe akasikiliza ule mngurumo mmoja wa injini mbili, akamwambia mke wangu kwa sauti ya kunifikia:

"Unaona? Mutoto wangu anajua kazi."

Wivu ukanipanda. Mke wangu aligeuka kunitazama, akisubiri jibu la kupeleka.

"Mwambie mama," nikasema, "njo vile, anajua kazi."