Muhindo Katika Nchi ya Wahindi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nacheka kwanza, kisha machozi yananifuata. Nilikuwa msichana wa shule pale Kilembe, baba yangu akichimba shaba mgodini, na mwalimu mgeni akawa anaita majina darasani. Alipofika kwangu akasita. "Muhindi?" akauliza. Darasa zima likaangua kicheko. Wakati huo Wahindi walikuwa wameamriwa waondoke nchini, maduka yao ya Kasese yamefungwa, na watoto, ambao hawakosi wimbo kwa kila msiba, wakaniimbia njia nzima tukirudi nyumbani: Muhindi, rudi kwenu! Muhindi, rudi kwenu!

Sisi Wakonzo tunalijua jina hili. Akizaliwa msichana baada ya wavulana wanaofuatana, au mvulana baada ya wasichana, anaitwa Muhindo, kwa kuwa tumbo la mama limebadili mwendo. Mimi nilikuja nyuma ya kaka zangu. Kwa hiyo jina langu ni mabadiliko, wala halina undugu wowote na Bombay. Lakini nani angewaeleza watoto wale? Nililia, nikapiga kelele: "Miye hapana Muhindi! Miye hapana Muhindi!" Nilisema hivyo hadi maneno yakawa yanatoka yenyewe. Hata nilipoolewa Bwera na kuanza kuuza vitenge na chumvi ya Katwe kwa akina mama wanaovuka mpaka kutoka Kasindi, mtu akinitania jina tu, jibu langu lilikuwa limeshamfikia. Mazoea yana taabu.

Na ajabu ni kwamba Wahindi niliwapenda. Mzee mmoja wao, mwenye duka la vitambaa pale Kasese, alikuwa akileta mashine yake ya sinema kwenye ukumbi wa wachimbaji. Anatundika shuka jeupe ukutani, mashine inakohoa, utepe unakatika, watu wanapiga mbinja, naye anauunganisha huku akitabasamu kwa aibu. Hatukujua neno hata moja la lugha ile, na hakuna aliyetoka pale bila kuelewa. Mama mjane anapokonywa shamba. Ndugu wanapotezana gulioni wakiwa wadogo. Mhindu na Mwislamu wanakula sahani moja, na mmoja akipigwa, mwenzake ndiye anayeanguka. Mama yangu alilia mpaka akalowesha kitenge alichokinunua kwa mzee huyohuyo. Mimi nikaamini India ndiyo ile.

Mzee yule aliondoka kwa treni na familia yake. Kati yetu sote tuliokula sinema zake bure, hakuna aliyemsindikiza hadi stesheni. Watu waliogopa. Sisemi kwa kumlaumu mtu, nasema jinsi ilivyokuwa.

Miaka ikaenda, zikaja video. Hapa Bwera vilijengwa vibanda vya mabati, na kijana mmoja mwenye maikrofoni akawa anatutafsiria filamu za Kihindi ambazo yeye mwenyewe hakuzielewa. Alitunga tu, muongo yule, na tulimpenda. Lakini macho yangu yalianza kuona kitu. Yule mama mjane na shamba lake alitoweka. Zikaja nyumba za vioo, magari, watu wanaimba kwenye theluji ya nchi za mbali. Baadaye zikaja bunduki na bendera, na yule aliyekuwa akila sahani moja na mwenzake sasa ndiye adui. "Muangalie huyu, muangalie ndevu zake, huyu mutu mubaya!" kijana wa maikrofoni alipiga kelele. Nami nilitafuna karanga zangu. Nilidhani ni sinema tu, kumbe ni nchi iliyokuwa inabadilika mbele ya macho yangu.

Sasa nikupeleke kwenye lenyewe. Binti yangu wa kwanza, Masika, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Moyo wake uliugua tangu utoto, na mwaka juzi ukachoka kabisa. Madaktari wakasema apelekwe India afunguliwe kifua. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, kwa hiyo sitakuchosha na habari za jinsi tulivyopata nauli. Tulienda, yeye na mimi.

India niliyoikuta, mwanangu, ilinizidi akili. Muuza chai wa kando ya barabara ana kikaratasi chenye madoadoa meusi, mteja anakielekezea simu na malipo yameshafika. Treni inapita juu ya nyumba bila moshi, na chini yake mwanaume mwenye nywele nyeupe anavuta mkokoteni kwa kifua chake. Nikawa nawatafuta watu wa sinema za shuka jeupe, nisiwaone. Mpaka tulipolazwa.

Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili, na pazia la kijani katikati. Kwenye kitanda cha pili alilala kijana aitwaye Salim, naye ugonjwa wake ni moyo. Mama yake, mjane mwenye baibui, alikaa upande wake kama mimi nilivyokaa upande wangu. Hatukuwa na lugha. Yeye alinipa wali kutoka kwenye bakuli lake, mimi nilimpa karanga nilizotoka nazo Bwera. Akisinzia, nilimwangalizia mwanawe. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na yule alinifaa. Muuguzi wetu, Sista Lata, mwenye kidoti chekundu kwenye paji la uso, alimwosha Masika kila asubuhi na kumchana nywele taratibu utafikiri ni za mdogo wake.

Hospitali ile, kabla ya kumpasua mtu, ilitaka ndugu zake watoe damu. Ndugu zetu tungewatoa wapi? Daktari alipomweleza Mama Salim, mama yule alijigonga kifua, na daktari akamtafsiria Masika kwa Kiingereza. Shemeji zake wangekuja, wangetoa. Akaahidi.

Simu ya Masika ilikuwa na mkalimani ndani yake. Unasema Kiswahili, yenyewe inatoa Kihindi. Siku moja Mama Salim akaona tuitumie tufahamiane vizuri. Akasema kwao, simu ikaniuliza kwetu: "Dada, jina lako ni nani?"

"Miye iko Muhindo," nikajibu kwa furaha.

Lakini Kiswahili cha simu ile kilikuwa cha redioni, cha Bwera hakikijui. Ikatamka kitu, na uso wa Mama Salim ukafungika. Akauachia mkono wangu. Akainuka, akavuta pazia kati ya vitanda vyetu mpaka mwisho. Masika akasoma kwenye kioo cha simu: ilikuwa imesema, "Mimi ni Mhindu."

Masika alimuuliza Sista Lata kwa Kiingereza kuna nini. Sista alijibu akitazama sakafu. Mtaa wa Mama Salim ulichomwa moto na majirani waliokuwa wakikopeshana chumvi. Waliogonga walianza kwa kuuliza majina mlangoni, ndipo wakawasha. Waliofanya hivyo walikuwa Wahindu, watu wa dini yake yeye Sista, ndiyo maana alitazama sakafu.

Shemeji hawakuja. Daktari akaahirisha upasuaji, akaahirisha tena. Midomo ya binti yangu ilianza kuwa ya bluu, na mimi nikasikia upande wa pili wa pazia mwanamke akinong'ona sala zake, karibu kiasi cha kumgusa.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wazee. Mimi niliichukua simu, nikalifungua pazia lile kwa nguvu, nikapaza sauti: "Miye hapana Muhindi! Hapana Muhindu! Miye iko Mukristo, angalia!" Nikamtikisia rozari yangu usoni. Na rozari ilisaidia nini? Huko kila dini ina shanga zake. Lakini simu safari hii ilitafsiri sawasawa, neno kwa neno, kwa sauti kubwa.

Sista Lata alikuwa palepale, akimchana Masika. Akakiweka kitana chini.

"Mama, acha," Masika akasema. Pumzi yake ilikuwa fupi. "Ile kitu unakataa, ni sista huyu. Anaosha miye kila siku, na weye unatamka jina la watu wake sawa vile matope."

"Mutoto wangu, ni damu tunatafuta!"

"Kama damu inakuja juu ya kumutukana sista, miye siitaki." Akapumzika kidogo. "Mwambie mama huyu weye ni nani. Usimwambie weye hauko nani."

Mwanangu, nimekemewa na baba, na mume, na mapadri. Hakuna kemeo lililoniingia kama lile la mtoto niliyemnyonyesha. Maisha yangu yote nilikuwa nikijieleza kwa kumsukuma mtu mwingine nje. Nikamgeukia Sista Lata, nikamshika mikono yote miwili, nikamwomba radhi. Simu ilisema nini sijui, maana alicheka huku analia. Akakiokota kitana akaendelea.

Kwa Mama Salim niliiweka simu mfukoni. Wanasema asiyejua maana haambiwi maana, lakini mimi nilikuwa mama wa mgonjwa, sikuwa na nafasi ya methali. Nikaonyesha kwa mikono: mvulana, mvulana, mvulana. Kisha nikajishika kifua: msichana. "Muhindo." Nikaanza upya. Mara ya kwanza alinitazama kama mwehu. Halafu nikaona vidole vyake vinasogea. Akahesabu: binti, binti, binti, binti. Akamgeukia mwanawe kitandani na macho yakamtoka.

"Salim!" akasema. "Muhindo!"

"Ndiyo, mama! Huyo naye ni Muhindo!"

Akafunika mdomo akicheka, na kijana wa watu, mwenye mipira ya hewa puani, hakujua kwa nini amepata jina jipya. Pazia lilirudishwa ukutani, na Masika akatabasamu. Nalishukuru tabasamu lile, ndilo la mwisho nililolipata kwake.

Shemeji walikuja kesho yake, wana vumbi la kazi, wakakunja mikono ya mashati. Damu ya wanaume wale iliingia kwenye mwili wa binti yangu. Alipokuwa akipelekwa chumba cha upasuaji aliniambia, "Mama, funga miye kitambaa vizuri, nisiogopeshe daktari." Nikakifunga. Moyo wake ulifunguliwa, ukatengenezwa, ukakataa kuamka.

Je, shemeji wangekuja mapema, Masika angepona? Daktari hakuniambia, nami sikumuuliza. Nalala na swali hilo, naamka nalo. Wapo watakaosema ilikuwa siku yake. Labda. Lakini siku zile za pazia zilikuwa zangu na zake, na neno moja lilizila.

Walipotuachia mwili, mikono yangu ilikataa kufanya kazi. Nilisimama tu na beseni. Mama Salim akaingia bila kuitwa, akakunja mikono ya baibui lake. Sista Lata akafunga mlango, akavua saa. Wanawake hawa wawili, tangu tufike, nilikuwa sijawahi kuwaona wakisalimiana. Mmoja alimpa mgonjwa wa mwenzake dawa kimya, mwingine akageukia ukuta. Sasa mmoja alimimina maji, mwingine alishika kichwa cha Masika kisianguke. Mmoja alifuta bega la kulia, mwingine la kushoto. Wakaanza kusemeshana polepole, kwa lugha yao. Walisema nini sijui. Simu ilikuwa mkobani kwangu na sikuitoa.

Basi sikia, mwanangu, wewe ambaye unaishi hapa mpakani, ambako jina la mtu linatosha kumfanya asimamishwe kwenye kizuizi cha barabarani au apite. Ukiulizwa wewe ni nani, jibu kwa ulicho, usijibu kwa kumkanyaga asiyekuwepo, maana mara nyingi yupo, anakuchania mtoto wako nywele. Ukisikia jina usilolijua, uliza maana yake kabla hujavuta pazia. Chombo cha kutafsiri kitumie, ni kizuri, lakini kisikuondolee kazi ya kumtazama mtu usoni. Na ukiona majirani wanaanza kuulizana majina mlangoni, iwe kwenye sinema, iwe kwenye simu, iwe hapahapa Bwera, usikae ukatafuna karanga kama mimi. Sema mapema.

Mungu akulinde, mwanangu, akupe miaka ambayo binti yangu hakuipata. Akupe majirani wanaolijua jina lako na maana yake. Na siku mikono yako itakapokataa kufanya kazi, akuletee watu waingie bila kuitwa.