Kompyuta ya Wake Wawili

Wewe unayesoma, ungekubali kidole kimoja kifute watoto wa kijiji kizima?

Juzi nilikuwa ofisi moja Lodwar nikiulizia kazi. Mama mhudumu wa afya akaleta tablet yenye vipimo vya watoto wa kijiji cha Namoruputh. Bila vipimo, hawapati uji wa lishe. Karani akaichomeka kwenye kompyuta.

"Inakataa," akasema. "Nafuta vyote kwa tablet tuanze upya."

"Boss, wacha!" nikaropoka. "Nimeona ikiwaka, hii mashine iko na mifumo miwili, Windows na Linux. Tablet ilizoeshwa Linux. Restart, uchague hiyo."

"Na wewe ni nani?"

"Graduate bila kazi."

Mama akacheka, akamgeukia karani. "Kumbe unamdai mke wa kwanza maziwa aliyokamua wa pili!"

Karani akarestart, vipimo vikaingia. Wakubwa, wekeni data mahali wake wote wawili wanafika, kabla kidole hakijashuka.