Leo Tunakula Kesho

Philister Nakhumicha alipika ugali na maharagwe pale Dagoretti Corner, katika kibanda cha mabati alichokisimamisha mwaka wa Uhuru. Watunza bustani wa Lavington na mafundi wa barabarani walishibia kwake. Jiji lilikula kwake mchana, jioni likamtuma askari wa kanjo amfukuze.

"Leseni iko wapi, mama?"

"Kesho, afande."

Alilitoa jibu hilo miaka nenda miaka rudi, hata wateja wakakibatiza kibanda Kesho. "Leo tunakula Kesho," mmoja alikuwa akitangaza mlangoni, na wenzake wakicheka hadi maharagwe yanawapalia.

Usidhani alikuwa mzembe. Ukijiandikisha, serikali inajua ulipo, na ikishajua itataka sakafu ya saruji, itataka ushuru, itataka hiki na kile. Asiyeandikwa akivunjiwa, husimama tena hatua chache mbele.

"Mimi ni moshi," aliwaambia wateja. "Nani amewahi kushika moshi?"

Kisha, mwaka wa 1971, akaja Odero, msimamizi wa ujenzi wa nyumba kule Muthangari. Alitaka vijana wake wote wale kwake kila siku hadi jengo liishe.

"Lakini tajiri anataka risiti iko na jina ya hoteli, na leseni yake, Mama Kesho. Usipoleta hiyo leseni Ijumaa, kazi inaenda kwa mwingine."

"Sasa moshi ataandika risiti?"

"Basi moshi atalala njaa, dada yangu."

Hakulala vizuri. Kazi kama ile haikuwahi kubisha kwake. Alhamisi akavaa gauni la kanisani, akaenda mjini katika ofisi ya leseni. Dirishani alikaa Idarus, karani mtaratibu kutoka Lamu.

"Jina la biashara, mama?"

"Kesho."

"Haya, hakuna taabu. Kesho basi." Akafunga faili, akamwita anayefuata.

Philister akarudi nyumbani akiisifu serikali: watu wameuliza neno moja tu, na kesho wanampa leseni yake. Ijumaa asubuhi alikuwa dirishani tena.

"Umelileta jina?" akauliza Idarus.

"Si nilikupa jana?"

"Jana uliniambia kesho."

"Ndilo hilo."

"Lipi?"

"Kesho."

"Mama, kesho ni Jumamosi, tunafunga mapema."

Kazi ya Muthangari ilikuwa inamponyoka kwa sababu ya mzaha wa wateja. Akashika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili.

"Sikiliza, mwanangu. Hoteli yangu inaitwa Kesho. Askari wenu ndio walionifundisha hilo jina."

Idarus akaweka kalamu chini. Kicheko kilimwanzia tumboni, kikamtoa machozi, na foleni nzima ikacheka naye.

"Niwie radhi, bi mkubwa. Hoteli ya Kesho. Na mwenye mali ni bwana yupi?"

"Andika Philister Nakhumicha. Bwana ni mteja tu, na hapendi kungoja."

Kabla ya saa sita alikuwa Muthangari, jasho likimtiririka, na Odero akaisoma leseni kwa sauti juu ya rundo la mawe. Jumapili vijana wa ujenzi wakaja kumwaga sakafu ya saruji kibandani, wakiimba, wakikanyagana na kutaniana.

Jumatatu askari wa kanjo walipita. Philister aliendelea kusonga ugali, ameipa barabara mgongo.